Trela la Kambi: Lala Ndani Usiku Mmoja Kabla ya Kulinunua

Tuseme ni mwisho wa Januari hapa Turbo. Mahindi yameuzwa, karo ya muhula wa kwanza imelipwa, na kwenye simu kuna salio ambalo hujalizoea. Halafu tangazo linapita: trela la kambi, limetumika kidogo, hema linafunguka juu yake, magodoro mawili, meko ya gesi ya kuvuta pembeni, tangi la maji. Bei ni shilingi 350,000. Watoto watatu wameinamia simu moja na wote wana neno moja: "Baba, si tununue!"

Trela si kitu kigeni kwetu. Tunajua yale ya trekta yanayopeleka mahindi Moi's Bridge, tunajua ya miwa upande wa Malava, na yale marefu yanayopita hapa kwa barabara kuu usiku kucha yakienda Malaba. Lakini trela la kulala ndani na watoto wengi wetu tumeliona kwenye picha tu, na picha zenyewe hupigwa jua likiwaka, nyasi zikiwa zimekatwa, na hakuna mtoto anayelilia choo saa nane za usiku.

Kwa hivyo kabla pesa hazijatoka, kuna njia ya kujaribu kidogo kidogo. Tutaipitia, halafu tutazungumzia malipo yenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu huchomeka.

Hesabu ya kwanza kabla ya kitu chochote

Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Weka zile utakazopewa wewe. Tuseme mwenye trela kama hilo anakodisha kwa shilingi 6,000 kwa usiku. Gawanya 350,000 kwa 6,000: unapata karibu usiku 58. Familia yenye shamba na ng'ombe wa kukamua itatoka mara ngapi kwa mwaka? Tuwe wakarimu, tuseme mara tatu, usiku mbili kila safari. Hiyo ni usiku 6 kwa mwaka. Itakuchukua zaidi ya miaka 9 kulala usiku 58.

Sasa tazama watoto wenyewe. Aliye na miaka 6 leo atakuwa shule ya upili. Wa miaka 9 atakuwa amemaliza shule ya upili. Wa miaka 12 atakuwa mtu mzima wa miaka 21, na ukimwambia twende kambi atakuuliza kama kuna mtandao huko. Trela lenyewe litakuwa limekaa nyuma ya nyumba msimu baada ya msimu, magurudumu yakipasuka kwa jua na panya wakikata godoro.

Hesabu inabadilika kama utalikodisha kwa wengine, au kama kazi yako inakulaza nje mara nyingi. Hapo kununua kunaweza kuwa na maana. Lakini huwezi kujua uko kundi gani kabla ya kulala nje hata usiku mmoja.

Usiku wa kwanza: nyuma ya nyumba

Huu haugharimu kitu. Azima hema, au kodi moja kwa usiku mmoja, lipigwe kwenye uwanja wa boma. Masharti ni mawili: hakuna kuingia ndani ya nyumba hadi asubuhi, na chakula kipikwe nje.

Utajifunza mengi kuliko unavyodhani. Baridi ya Turbo usiku inatoka chini, si juu. Blanketi mbili za kufunika hazisaidii kama chini kuna turubai peke yake. Utajua ni mtoto yupi anaogopa giza na ni yupi anageuka mara mia usingizini. Utajua kama hema la "watu wanne" linaingia watu wanne ama linaingia wawili na mabegi. Na kama mzee wa nyumba ataamka saa saba usiku na kurudi kitandani kwake kimyakimya, basi umeokoa 350,000 na jirani hata hakujua.

Sheria moja haina mjadala, iwe uko nyuma ya nyumba au msituni: usiingize jiko la makaa ndani ya hema au trela, hata makaa yakionekana yamezima, hata baridi ikiwa ya kukausha. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Waliolala hawaamki. Jiko la gesi nalo ni la nje. Kama watoto wanasikia baridi, ongeza soksi, kofia na mkeka mzito chini ya godoro.

Safari ya kwanza iwe fupi, na bado bila trela

Kutoka Turbo tuna bahati ya kuwa katikati ya mambo. Upande wa Eldoret, barabara ya Kaptagat, kuna Naiberi, kambi ambayo wasafiri wa masafa marefu wameitumia miaka mingi. Upande wa Kitale kuna Saiwa Swamp, hifadhi ya taifa tangu 1974 na ndogo kuliko zote nchini, kama kilomita 3 za mraba tu. Sisi tunaipenda kwa watoto kwa sababu moja: huko huzunguki na gari. Unatembea kwa miguu, unapanda majukwaa ya mbao, na ukinyamaza vizuri unamwona nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu. Ukitaka msitu mkubwa, nenda Kakamega kupitia Webuye na Malava, ushukie Buyangu upande wa kaskazini ambao uko chini ya KWS. Kuna pa kupiga hema, na pia kuna vibanda ikiwa hema litawashinda saa tano usiku. Beba neti na dawa ya mbu; huko kuna malaria zaidi kuliko kwetu huku juu.

Baringo je? Ni kuzuri, na usiku viboko hutoka ziwani kuja kula nyasi karibu na hema. Ndiyo maana tunasema isiwe safari ya kwanza na mtoto anayezunguka usiku akitafuta choo. Tena barabara ya Iten inashuka Tambach hadi Bonde la Kerio, kisha inapanda hadi Kabarnet, kisha inashuka tena Marigat. Ukiwa na trela nyuma kwa mara ya kwanza, mteremko huo si mwalimu mzuri.

Halafu angalia kalenda. Likizo ya Agosti ndiyo watu huifikiria kwanza, lakini upande wetu Agosti ni mvua tupu. Desemba kumekauka, ila mahindi hayajaisha kuvunwa na kila mkono unahitajika. Aprili mvua zinaanza na ni wakati wa kupanda. Ukweli ni kwamba mkulima wa Turbo ana wikendi chache sana nzuri za kulala nje kwa mwaka. Rudi kwenye zile usiku 6 tulizokadiria huko juu, ujiulize kama hatukuzidisha.

Malipo ya kiingilio kwenye hifadhi za KWS hayafanywi kwa pesa taslimu. Ni kupitia eCitizen, na unaweza kumalizia kwa simu. Ada ya mtoto si sawa na ya mtu mzima, ya raia si sawa na ya mgeni, kwa hivyo beba kitambulisho, na ulipe ukiwa bado nyumbani kwenye mtandao mzuri. Kulipa getini mtandao ukizunguka na watoto wakililia njaa ni mwanzo mbaya. Namba ya paybill ya eCitizen ni 222222. Mtu akikuambia ati lango hili lina namba yake ya pembeni "ya haraka," jua kuna jambo.

Sasa kodi trela

Kama hema limependeza na watoto wanauliza lini tena, sasa ni wakati wa kukodi trela kwa usiku mmoja au mbili. Kodi linalofanana kabisa na lile unalotaka kununua. Kujaribu dogo halafu ukanunua kubwa ni sawa na kujaribu viatu vya mtu mwingine.

Kabla ya kuondoka, uliza gari lako. Si kila gari dogo linaweza kuvuta trela lililojaa maji, gesi na magodoro. Kitabu cha gari kinasema uzito wa mwisho. Chuma cha kuvutia kiwe kimefungwa na fundi anayeelewa, mnyororo wa usalama uwepo, na taa za trela ziwake pamoja na za gari. Piga simu kwa kampuni yako ya bima uulize kama bima inafanya kazi ukiwa unavuta trela la mtu mwingine. Wakuandikie jibu, hata kwa ujumbe mfupi.

Vitu vizito viwekwe katikati, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukiweka maji na viazi nyuma kabisa, trela litaanza kuyumba, na kwenye barabara yetu ambapo lori kubwa linakupita na upepo wake, kuyumba huko kunaweza kukutoa barabarani. Na hakuna mtoto anayepanda ndani ya trela likitembea. Hata kidogo. Hata kutoka kwa lango hadi kwa barabara.

Kurudi nyuma ndiko kunakoaibisha wanaume wengi. Usukani ukienda kulia, trela linaenda kushoto. Mbinu ni hii: shika usukani pale chini kabisa, halafu sogeza mkono upande unaotaka trela liende. Fanya mazoezi kwenye uwanja mtupu siku moja kabla, mama akiwa nje kuelekeza. Kama mtagombana kwenye uwanja mtupu, mtagombana zaidi kwenye kambi iliyojaa watu.

Malipo ya kukodi: sehemu ya kusoma mara mbili

Kwa kawaida mwenye trela ataomba pesa za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni malipo ya kukodi yenyewe, ambayo hayarudi. Ya pili ni amana, yaani pesa anazoshikilia akingoja trela lirudi salama, halafu anakurudishia. Zilipe kwa miamala miwili tofauti. Ukituma zote kwa pamoja, siku ya kurudishiwa mtaanza kubishana ni ngapi ilikuwa ya nini.

Baada ya kutuma amana, mwandikie ujumbe mara moja, kwa mfano: "Nimekutumia 10,000, ni amana ya trela, itarudishwa Jumapili jioni likirudi bila hasara." Ngoja ajibu "sawa." Jibu hilo fupi ndilo ushahidi wako. Kisha mpige video ya trela pamoja, kila pembe, magurudumu, hema likiwa limefunguliwa, hata ile nyufa ndogo ambayo yeye anasema "hiyo usijali." Hasa hiyo.

Utapeli nao una sura yake. Tangazo lina picha nzuri sana na bei ya chini kuliko wengine. Muuzaji yuko mbali leo. Kuna watu wengine wawili wanalitaka, kwa hivyo tuma 5,000 tu "kushikilia." Namba ni ya mtu binafsi na jina halifanani na lile la kwenye tangazo, ukiuliza, anasema ni la mke wake au la mhasibu. Kila moja ya dalili hizi peke yake inaweza kuwa ya kweli. Zikija tatu pamoja, weka simu chini. Mwenye trela la kweli hatakataa upige simu ya video akiwa amesimama kando yake, na hatakataa uende kuliona kabla ya kutuma hata shilingi.

Unapolipa, simu hukuonyesha jina la anayepokea kabla muamala haujakamilika. Hapo ndipo pa kusimama. Watu wengi hubonyeza tu kwa mazoea. Soma jina lote. Kama ni till, jina la biashara liwe lile mlilokubaliana. Kama si lenyewe, katisha, piga simu, uliza.

Na ukikosea namba? Kwa M-PESA unasambaza ujumbe wa muamala huo kwenda 456 haraka iwezekanavyo. Lakini elewa kazi ya huduma hiyo: ni ya kosa la namba, si ya majuto. Kama ulimtumia mtu uliyekusudia, akakuhadaa na kutoa pesa zote, kurudishiwa kunakuwa kugumu sana, na kesi hiyo ni ya polisi. Usisubiri hadi jioni ndipo uanze kutafuta msaada.

Neno dogo kwa upande wa pili, kwa wale mnaokodisha vitu vyenu: usiachilie trela kwa sababu umeonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja, au umepata ujumbe kutoka kwa namba ya kawaida unaosema umepokea pesa. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Wacha simu ikuambie ukweli wa safari

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi haziwahi kufanya. Safari hii ya majaribio, lipa kila kitu kwa simu, hata nyanya za barabarani Lumakanda, hata kuni. Mkirudi, omba taarifa ya akaunti yako, kupitia *334# au kwenye programu, uchukue siku zile tu. Jumlisha.

Mtu akiulizwa kambi iligharimu ngapi, atasema "elfu sita ya trela na mafuta kidogo." Taarifa itasema kitu kingine. Gari linalovuta trela linakunywa mafuta zaidi. Kuna kujaza mtungi wa gesi, kiingilio, soda za njiani, betri za tochi, fundi wa kuziba gurudumu Jua Kali. Hiyo jumla ndiyo gharama ya safari, na mtailipa hata trela likiwa lenu. Watu hufikiri wakishanunua kambi inakuwa bure. Inabaki ghali kidogo tu kuliko walivyodhani, kila mara.

Mpe mtoto mkubwa kazi ya daftari. Yeye ndiye anaandika kila malipo ujumbe ukiingia: saa, nani, ngapi. Mwambie mapema bajeti ni kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Mtoto wa miaka 12 aliyeona 4,000 ikibaki Jumamosi asubuhi ataacha kuomba vitu mwenyewe, tena atawazuia wadogo zake kwa ukali kuliko mama. PIN lakini inabaki yako. Kuandika kwenye daftari hakuhitaji PIN.

Usiku wa mwisho, watoto wakiwa bado nje, waulize kila mmoja peke yake ni nini kilikuwa kizuri zaidi. Sikiliza vizuri. Kama wanasema moto, mahindi ya kuchoma, kutembea na tochi, kumwona nyani, basi hakuna hata kimoja kilichohitaji trela. Hema la bei nafuu lingetosha na mahindi ni yenu. Kama wanasema kitanda cha juu, na wewe mwenyewe mgongo umekushukuru, basi endelea na mpango.

Ukiamua kununua

Trela nchini Kenya lina namba yake ya usajili, inayoanza na herufi Z, na lina kumbukumbu zake NTSA kama gari. Kabla ya kulipa chochote kikubwa, fanya utafutaji wa kumbukumbu hizo kupitia eCitizen. Jina la mmiliki liwe la huyo anayekuuzia, na usione mkopo wa benki au sacco umeshikilia hapo. Kama trela limetengenezwa na fundi wa jua kali na halijawahi kusajiliwa, bei nzuri unayopewa ina sababu. Kazi ya kulisajili itakuwa yako.

Mlete fundi wako, si wa muuzaji. Atazungusha magurudumu kusikiliza beringi, atalala chini kuangalia kutu na pale palipochomelewa mara ya pili. Wewe mwaga ndoo ya maji juu ya hema likiwa limefunguliwa, uingie ndani ukae dakika kumi.

Pesa nazo zipange. Usitoe 350,000 zote za mahindi wakati karo ya muhula wa pili na mbolea ya msimu vinakuja. Tenga hizo kwanza kwenye akiba iliyofungwa, uone kinachobaki. Usimalizie kwa mkopo wa simu. Mikopo hiyo ni ya siku chache na gharama yake inaanza kukimbia mapema, na trela halikuletei hata shilingi ya kuulipa.

Kwa M-PESA muamala mmoja haupiti 250,000, na kwa siku nzima ni 500,000. Kwa hivyo 350,000 itakwenda kwa mara mbili, na hiyo inaweza kukufaa. Sehemu ya kwanza mkiandikiana makubaliano, na mashahidi wawili waweke sahihi. Sehemu ya pili baada ya muuzaji kuanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake na wewe kuuona umeingia kwenye yako. Kama ana haraka ya kupokea zote kabla ya hapo, mwambie utarudi kesho na fundi.